Kitambaa cha Tatu

Wiki saba tulikaa bila maji bombani, na aliyekuja kuniambia kwamba yatarudi alikuwa mjukuu wangu mwenyewe, amebeba begi gumu jeusi mgongoni, anacheka kabla hajafika mlangoni.

"Bibi, siku tatu tu! Siku ya tatu utaoga mpaka vidole vijikunje!"

"Wewe mke mwenzangu," nikamwambia, "hata salamu hujanipa."

"Shikamoo, bibi. Siku tatu tu!"

Nikampa kigoda, akakataa kukaa. Huyu tangu utotoni akiwa na jambo hakai. Akanieleza amesimama, mikono inakwenda huku na huku, nami nikamsikiliza taratibu kama ninavyochambua mchele, punje moja moja, mpaka nikaelewa. Nitawaeleza nanyi vilevile.

Chini ya mtaa wetu linapita bomba kubwa la chuma, na kwenye bomba hilo kuna koki kuu inayofungulia maji upande wetu. Barabara ilipopandishwa kwa kifusi, mtu aliifunga koki ile ili bomba lisipasuke. Kisha kifusi kikamwagwa juu yake, kikashindiliwa na mashine, na yule aliyeifunga akahamishwa kazi. Upande wa juu wanaoga, sisi tunabeba ndoo. Kutoka mlangoni kwangu hadi bomba la shule na kurudi ni hatua mia nane na ishirini. Nazijua kwa sababu magoti yangu ndiyo yaliyozihesabu.

Ofisi ya maji walikuwa na mchoro wa zamani wa bomba hilo. Kwenye mchoro kuna mstari mrefu, na kwenye mstari kuna duara dogo jekundu, ndiyo koki. Pembezoni mwa karatasi zimeandikwa namba. Shida ni kwamba mchoro ulichorwa huku kwetu kukiwa pori tupu. Hauna nyumba hata moja.

"Mchoro unajua koki ilipo," mjukuu wangu akasema, "ila haukujui wewe, haumjui fundi cherehani, hauijui hata ile gereji. Na ninyi mnajuana wote, ila koki hamjui ilipo. Mimi nitawakutanisha."

"Utatukutanisha wapi?"

Akapiga lile begi. "Angani, bibi!"

Ndani ya begi mlikuwa na kidude chenye mikono minne na jicho la kamera tumboni. Wenyewe wanakiita droni. Mimi nilipokisikia kinavyolia nikakiita kinyuki, na mtaa mzima ukafuata. Kinyuki kingepita juu kikipiga picha mamia, kompyuta ingezishona ziwe picha moja kubwa, kisha picha ile ingeingizwa kwenye programu ya ramani na mchoro wa bomba ukalazwa juu yake. Hapo tungeona lile duara jekundu liko karibu na ukuta wa nani. Tungeshika tepu ya kupimia, tungepima kutoka kwenye ukuta, tungechimba.

Ofisi ya maji walimkubalia, ila kwa masharti. Msimamizi wao ni mtu mfupi asiyemaliza sentensi bila kutazama mkono, tukampa jina la Bwana Saa. Akamwambia mjukuu wangu mbele yangu: "Tingatinga nimeliazima kwa watu wa barabara. Litakuja siku moja, litaondoka saa tisa, na halirudi huku mpaka mwaka uishe. Barabara ni mpya, siwezi kuigeuza chujio. Mashimo mawili. La tatu mtachimba kwa vijiko vya chai."

"Moja linatosha," mjukuu wangu akasema.

Nikamfinya mkono. Hakusikia. Ilikuwa kazi yake ya kwanza peke yake, bila mwalimu nyuma, na alikuwa anang'aa kama sufuria jipya.

Kazi ilianza kwa vitambaa. Vilitakiwa vinne, kila kimoja kipana kama mkeka wa mtoto, mraba mweupe na mraba mweusi kama ubao wa drafti. Alivishona jirani yangu wa mbele, fundi cherehani, ambaye tunamwita Sindano, wala si kwa sababu ya kazi yake tu. Anashonea nje, kwenye benchi lake ukingoni mwa barabara, ili asipitwe na kitu.

"Hivi ni vya kumtandikia nani?" aliuliza.

"Ni vya droni, mama," mjukuu wangu akamjibu. "Ikipita juu ivione."

"Nimeshona sare za shule, nimeshona mapazia ya wakubwa. Leo nashonea nzi shuka." Lakini alivishona vizuri, pindo zimenyooka kama zimechorwa kwa rula.

Mjukuu wangu akavitandika pembe nne za mtaa: kimoja uwanja wa shule, cha pili kwa muuza mbao, cha tatu uani kwangu karibu na lango, cha nne nyuma ya gereji. Kila kimoja akakibana kwa mawe manne meupe. Kisha akapita na fimbo ndefu yenye kofia juu, chombo alichoazimwa na mwalimu wake kwa siku ile moja tu. Akaisimamisha katikati ya kila kitambaa, akangoja, akaandika namba.

"Kwani kinyuki chenyewe hakijui kilipo?" nikamuuliza.

"Kinajua kwa kukisia. Kama wewe unavyosema, funguo nimeziweka hapahapa."

"Funguo huwa ninaziweka hapahapa."

"Na huwa tunazitafuta nusu saa, bibi. Fimbo hii haikisii. Ikisema kitambaa kiko hapa, kiko hapa. Baadaye kwenye picha nitagusa katikati ya kila kitambaa, niiambie programu: hapa ndipo penye namba hizi. Vitambaa ndivyo vinavyoipigilia picha chini isitembee. Kwa hiyo asiguse mtu! Nakuachia ulinzi."

Kuachiwa ulinzi na mjukuu si jambo dogo. Alasiri yote nilikaa mlangoni na fimbo yangu. Nilifukuza kuku wa watu, nikafukuza mbuzi, nikamfokea muuza mkaa aliyetaka kupitisha toroli. Asubuhi yake, kabla kinyuki hakijaruka, nilikuwa tayari nimeamka na kukiangalia kitambaa changu. Kikichafuka, nakisafisha. Nilikitunza kama kitoto kichanga.

Saa mbili kinyuki kikapaa. Jamani! Kililia, kikapiga vumbi, kikanyanyuka wima kama kimevutwa kwa uzi, mara kikawa nukta. Watoto wakapiga mbio barabarani wakikipungia mkono. Muuza mbao akavua kofia akachana nywele. Hata Sindano aliacha cherehani, akajifunika usoni kwa kipande cha kitenge, halafu akakitoa, akatabasamu juu.

"Nimetoka vizuri?" akauliza.

"Utaonekana kichwa tu, mama," mjukuu wangu akamwambia.

"Kichwa ndicho kizuri."

Siku ile yote kompyuta ilishinda mezani kwangu ikishona picha, inahema, imepata joto la kupashia chai. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, ikamaliza.

Tukafunga mapazia ya sebule ili kioo cha kompyuta kionekane. Mjukuu wangu akakaa, safari hii kweli akakaa, mimi nikasimama nyuma ya kiti nimeshika mgongo wake wa mbao. Akafungua programu ya ramani. Akaikamata picha kubwa kwa kishale, akaivuta, akaiachia ndani.

Hakukuwa na kitu. Kioo cheupe.

"Imeingia," akasema.

"Imeingia wapi? Mbona siioni?"

Akabofya palipoandikwa ionyeshe ilipo. Kioo kikaruka, kikawa buluu tupu, na katikati ya ile buluu kijipande kidogo kama ukucha.

Akaanza kucheka. "Bibi, tuko baharini."

"Nani?"

"Mtaa mzima. Umetua katikati ya bahari."

"Na mbuzi wa watu?"

"Na mbuzi. Ngoja, ngoja. Sijaiambia namba hizi ni za kipimo gani. Ni kama mtu akuambie njoo saa mbili, asikwambie ni asubuhi au jioni. Utafika, lakini utafika peke yako." Akachagua kitu kwenye orodha ndefu, akabofya, na ule ukucha ukatoweka baharini. Mara paa! Kioo kikajaa mabati.

Sijui niwaelezeje. Mtaa wangu ninaujua kwa miguu, sikuwahi kuujua kwa juu. Niliona paa langu na lile bati moja jipya linalong'aa kama jino la bandia. Niliona njia ya mkato waliyoikanyaga wanafunzi, nyembamba kama uzi. Niliona rundo la matairi ya gereji, nikaona benchi la Sindano na kichwa chake, nukta yenye kilemba. Nikapiga makofi peke yangu.

"Tulia, bibi, bado hatujaipigilia."

Akaanza kugusa vitambaa. Cha kwanza, akaandika namba zake. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Akabofya sehemu ya kukokotoa, na pembeni ikatokea safu ya namba. Kicheko chake kikakatika.

"Nini?"

"Kosa. Lilitakiwa sentimita chache. Hapa inasema mita moja na nusu."

"Kitambaa kipi?"

"Vyote vinne. Kila kimoja mita moja na nusu." Akageuka kunitazama. "Bibi, kuna mtu aligusa vitambaa?"

"Vile vingine sijui. Changu hakuna mtu aliyekigusa. Nilikuwa hapo kutwa!" Nilisema kweli yangu yote, na kifua nilikitoa mbele.

Akaenda mbio shuleni, kwa muuza mbao, gereji. Wote waliapa. Akarudi anatokwa jasho, na nyuma yake akaja Bwana Saa, na nyuma ya Bwana Saa likasikika tingatinga likiingia mtaani na vyombo vikatetemeka kabatini.

"Kosa kiasi gani?" Bwana Saa akauliza.

"Mita moja na nusu."

"Shimo la tingatinga ni pana kuliko hiyo. Saa sita hii. Tuchimbe."

Mjukuu wangu aliuma mdomo. Akalaza mchoro wa bomba juu ya picha, na lile duara jekundu likaja kukaa katikati ya barabara, mbele ya nyumba yangu, mita sita kutoka kona ya ukuta wa Sindano. Tukapima kwa tepu. Bwana Saa akachora msalaba kwa chokaa, dereva wa tingatinga akashusha mkono wa chuma.

Watu walitoka na ndoo. Ndoo! Walizipanga mstari kabisa, kama maji yapo mlangoni. Kifusi kilitoka chekundu, kikatoka cheusi, ukatoka udongo wa chini ambao haujaguswa. Dereva akachimba urefu wa mtu. Akazima mashine, akachungulia.

"Hapa hakuna kitu, bosi. Hata bomba halipo."

Mstari wa ndoo ukanyamaza. Sindano hakunyamaza. "Nilisema mimi. Shuka za nzi! Ulisomea chuo gani, binti yangu, chuo cha kufukua hewa?"

"Sindano, acha," nikasema.

"Niache nini? Wiki saba nashonea watu nguo nisizoweza kufua!"

Bwana Saa alitazama mkono. "Saa saba na robo. Nina shimo moja na sikusudii kulipoteza. Ukinionyesha sababu, nitachimba. Bila sababu, saa tisa tunaondoka."

Mjukuu wangu akaingia ndani. Nilimkuta mbele ya kompyuta, viganja mashavuni.

"Kitambaa kimoja kimehama," alisema polepole. "Nina hakika. Lakini vikiwa vinne tu, programu haiwezi kunitajia ni kipi. Inataka kuviridhisha vyote, kwa hiyo inachukua kosa la kimoja inavigawia vyote sawasawa. Ni kama watoto wanne mbele ya chungu kilichovunjika. Wote wameinamisha vichwa. Na fimbo nimesharudisha, siwezi kupima upya."

"Sasa utafanyaje?"

"Nikikisia kimoja nikakitoa, nina nafasi moja kati ya nne. Nikikosea, mnabeba ndoo mwaka mzima."

Nikamsogezea kikombe cha chai, nikakaa karibu yake, na kwa kuwa picha ilikuwa bado wazi, nikaomba kupaona uani kwangu. Nilitaka tu apumzishe akili. Akaisogeza, akaikuza. Mlango wangu, ngazi, kamba ya nguo, na pembeni ya nguzo ya kamba kitambaa changu cha drafti, cheupe kuliko vyote vitatu vingine, kinameremeta.

"Umekiona kilivyo safi?" nikamwambia. "Hivi vya wenzangu vina vumbi."

"Ndiyo, bibi." Kisha akasogeza uso. "Bibi. Hivi ni vitu gani kwenye pembe zake?"

Akakuza zaidi. Pembe moja ilibanwa na mfuniko wa sufuria. Pembe nyingine na kipande cha kuni. Na pembe mbili zilizobaki, kila moja ilikuwa na kandambili. Kandambili za buluu, moja mkanda wake umefungwa kwa uzi mweusi.

Nikatazama chini miguuni mwangu. Buluu. Uzi mweusi.

"Yako wapi yale mawe yangu meupe?" akauliza, na sauti yake ilikuwa nyembamba kabisa.

Hapo kila kitu kikanirudia, nikahisi masikio yananichoma. Alfajiri ile kuku walikuwa wamekitembelea kitambaa na kukiachia zawadi zao. Nikasema, mjukuu wangu ataipeleka picha hii kwa wakubwa, aonekane anatoka kwenye nyumba chafu? Nikakichomoa chini ya mawe, nikakifua kwa maji ya ndoo ya mwisho, nikakikamua, kikapigwa upepo kidogo. Pale langoni palikuwa pamelowa kwa maji ya kufulia, basi nikakitandika pakavu, chini ya kamba. Mawe sikuyabeba, mgongo ulikataa. Nikatumia vilivyokuwa karibu. Kisha nikarudi mlangoni kulinda, peku, wala sikujiuliza kwa nini niko peku. Nilipoapa kwamba hakuna mtu aliyekigusa, niliwahesabu watu wote wa mtaa nikajisahau mimi.

"Mama," nikamwambia mjukuu wangu, "chungu nimevunja mimi."

Nilidhani atalia. Akanitazama, akatazama kandambili kwenye kioo, akatazama zilizo miguuni, na akaruka kutoka kitini akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Mawe hukuyabeba? Hukuyabeba kabisa?"

"Mgongo..."

"Mungu aubariki mgongo wako!"

Akasogeza picha kuelekea langoni. Na hapo, hatua tisa kutoka kitambaa kilipo, yalikuwepo yale mawe manne meupe, madogo kama punje za chumvi, yamekaa mraba wao vizuri na katikati yao hakuna kitu. Akafuta alama ya tatu. Akaweka mpya katikati ya mawe. Akabofya.

Picha ikajivuta. Niliiona kwa macho yangu, mabati yote yakateleza kidogo kama mtu anayejisogeza kitandani. Na zile namba pembeni zikaanguka: sentimita nne, tatu, nne, tatu.

"Bibiii!" Alipiga yowe mpaka dereva wa tingatinga akachungulia dirishani. Duara jekundu lilikuwa limetoka katikati ya barabara. Limevuka mpaka ng'ambo. Lilikuwa limekaa juu kabisa ya benchi la Sindano.

Tulitoka mbio, yeye mbele na kompyuta mikononi, mimi nyuma na fimbo. Bwana Saa alikuwa anamwambia dereva ajiandae kuondoka. Saa nane kasoro tano.

"Nimepata," mjukuu wangu akasema. "Mita moja na nusu kutoka kona ya ukuta. Chini ya benchi."

"Saa sita pia ulinionyesha mahali. Nini kimebadilika?"

"Nilikosea," mjukuu wangu akasema. " Alama moja niliiweka vibaya. Ni kosa langu."

Nilielewa anachofanya. Alikuwa ananifunika. Kazi yake ya kwanza, na alikuwa tayari kuipaka matope ili jina la bibi yake lisitajwe barabarani. Watu walikuwa wengi, na Sindano yupo, na Sindano neno akilipata halichakai.

"Hakukosea," nikasema kwa sauti. "Nimekosea mimi."

"Bibi..."

"Nyamaza, nina miaka mingi kuliko wewe ya kuona aibu, nimeizoea." Nikavua kandambili moja, nikainyanyua juu. "Mnaiona hii? Kitambaa cha uani kwangu nilikihamisha mimi, nikakifua, nikakitandika pengine, nikakibana kwa kandambili zangu. Zipo kwenye picha. Njooni mtazame."

Walikuja. Walisukumana. Muuza mbao alitazama kioo, akatazama kiganja changu, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Dereva alishuka kwenye tingatinga kuja kuona. Hata Bwana Saa alisahau mkono wake kwa muda.

"Kumbe mlinzi ndiye mhalifu!" Sindano akasema. Lakini kwenye benchi hakuondoka. Alilikalia vizuri zaidi, akashika cherehani kwa mikono miwili. "Sasa mnataka kubomoa mahali pangu pa kazi kwa ushahidi wa kandambili? Mmeshafukua hewa kule, mnakuja kufukua hewa hapa? Sitoki."

"Mama, tutalirudisha benchi palepale," mjukuu wangu akamwomba.

"Sitoki."

"Saa nane na dakika tano," Bwana Saa akasema.

Nikavuka barabara, nikaketi kwenye lile benchi, ubavuni mwake. Sikuwa na haraka. Sindano humshindi kwa haraka, nimekaa naye ng'ambo miaka kumi na tisa. Nikanyoosha miguu, mmoja una kandambili na mwingine hauna.

"Jirani," nikamwambia, "kama koki haipo hapa chini, nitakubebea maji. Ndoo mbili kila siku, kutoka shuleni, mpaka hawa watu warudi."

Aliyatazama magoti yangu. "Wewe? Kwa magoti hayo?"

"Kwa magoti haya haya. Na uwe unanihesabia hatua ukiwa umekaa."

Nikasikia cherehani yake inalia kidogo kwa kuwa mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali. Kisha akaguna, akakata uzi kwa meno, akasimama.

"Shikeni upande ule wa benchi," akawaambia vijana. "Taratibu! Huo mguu una tege."

Mkono wa chuma ukashuka. Kifusi chekundu. Kifusi cheusi. Mjukuu wangu alinishika mkono mpaka pete ikaniingia kidoleni. Dereva alichota mara ya tano, mara ya sita, na mara ya saba ikasikika sauti ambayo nitaikumbuka mpaka naingia kaburini: ngwaa! Chuma juu ya chuma.

"Simamisha!" Bwana Saa alipiga kelele, na kabla hajamaliza alikuwa ameruka mwenyewe shimoni na viatu vyake vya ofisini. Akaparua udongo kwa mikono. Mfuniko wa duara, mwekundu kwa kutu, mkubwa kama sinia. Chini yake koki, kichwa chake kimetulia pale kinatungoja.

Walileta ufunguo wa chuma mrefu kama mti wa ufagio. Watu wawili wakausukuma, ukagoma. Akaongezeka muuza mbao. Ukalia, ukazunguka robo, ukazunguka nusu.

Nilirudi uani kwangu mbio, au mbio kwa kadiri yangu. Bomba langu lilikuwa wazi, nililiacha wazi wiki saba. Likakohoa. Likapiga chafya. Likatema upepo, likatema tope jekundu kama chai ya rangi, likanyamaza nikafa moyo, kisha likafoka maji meupe yenye nguvu mpaka yakaniloanisha gauni. Kutoka ng'ambo, kutoka gereji, kutoka kila ua nikasikia watu wanapiga vigelegele kwa zamu, maji yalivyokuwa yakiwafikia mmoja baada ya mwingine.

Bwana Saa alipita langoni, tope mpaka magotini. Alimtazama mjukuu wangu. "Kuna mitaa miwili mingine ina tatizo hilihili," akasema. "Jumatatu, saa mbili." Kwa mara ya kwanza hakutazama mkono.

Na Sindano, amejaza ndoo yake pomoni, akapaza sauti kutoka upande wa pili ili mtaa wote usikie: "Jamani, mlinzi wa kandambili amepona kunibebea!"

"Na wewe," nikamjibu, "wiki saba umetukalia maji!"

Walicheka mpaka dereva akapiga honi.

Jioni mjukuu wangu alikuwa anakusanya vitambaa vyake. Vile vitatu vya wengine alivikunja. Cha tatu, changu, alikichukua chini ya kamba, na kwa purukushani za siku ile kilikuwa kimekanyagwa na kila aliyekuja kuona. Kimejaa nyayo nyekundu.

"Jumatatu ninakihitaji," akasema, akikigeuzageuza.

Bomba lilikuwa linatiririka nyuma yangu. Beseni lilikuwa tupu. Sabuni ilikuwa juu ya jiwe. Nikanyoosha mkono.

"Bibi."

"Nilitaka tu kukushikia."

"Bibi!"

Nikafunga mikono yangu nyuma, nikaishika mmoja kwa mwingine, na nikasimama hivyo mpaka alipofunga begi.